Mabati ya mama na madaftari kumi: maandalizi ya mwanafunzi wa chuo

Kila sifa njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote, aliyemneemesha mwanadamu kwa akili na kalamu. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba wake wote.

Ndugu msomaji, wiki chache zilizopita, baada ya swala ya Isha, mama mmoja wa mtaa wetu hapa Tanga alifika katika ofisi ndogo ya msikiti akiwa ameshika bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na barua ya binti yake kukubaliwa kusomea ualimu katika chuo kikuu, pamoja na karatasi mbili za orodha ya mahitaji. Mama huyu ni mjane, na riziki yake huipata kwa kukaanga vitumbua tangu Alfajiri. Hakuja kulalamika wala kuomba kwa machozi. Aliuliza swali moja tu: "Katibu, katika haya yote, lipi lianze?"

Nilihesabu. Orodha ilikuwa na vitu 31. Baadhi viliandikwa na chuo, na vingine vilikuwa vimeongezwa kwa kalamu ya pembeni na jamaa, majirani na rafiki za binti: kompyuta mpakato, simu kubwa, sanduku la magurudumu, madaftari kumi na mawili, kalamu za rangi, pasi, viatu jozi nne. Kila aliyempenda binti yule alikuwa ameandika pendo lake pale, na gharama ya mapenzi yote ikamwangukia mama.

Kesho yake kamati ilikaa. Mfuko wetu wa elimu ulikuwa umetenga shilingi 250,000 kwa ajili yake. Mmoja wetu akashauri zote ziwe malipo ya mwanzo ya kompyuta, kwani elimu ya siku hizi ni kompyuta. Mzee mmoja akapinga, akasema kumkabidhi kijana fedha mkononi ni kumpa mtihani kabla ya mtihani. Tununue vitu, tumpe vitu. Mazungumzo yakarefuka hadi muadhini akatazama saa. Mwisho wakasema: katibu ndiye aliyesoma chuo, aandike orodha, sisi tutapitisha.

Nilisema hewala. Lakini usiku ule nilipokaa kuandika, mkono ulikuwa mzito. Sikuwaambia wazee wangu kwamba mimi ninayeaminiwa kupanga maandalizi ya mwanafunzi, mwaka wangu wa kwanza chuoni niliuharibu kwa kukosa mpango, na kwamba jambo hilo lina deni ambalo nilikuwa sijalilipa.

Nilijiunga na chuo cha Kiislamu, Morogoro, mwaka 2010. Wakati ule jiko letu lilikuwa la makuti yaliyokwisha kuoza, na kila masika mama alipika huku amefunika sufuria kwa sinia ili maji ya mvua yasiingie. Kwa miaka miwili alikuwa akinunua bati mojamoja kila alipopata, akayapanga uvunguni mwa kitanda chake, mabati manane. Barua yangu ilipofika, mabati yale yalitoka uvunguni. Sikumwona akiyauza, nilirudi kutoka sokoni nikakuta uvungu mtupu na fedha juu ya mkeka.

Kwa fedha ile nilijiandaa kama bwana harusi. Nilinunua kauntabuku kumi, moja kwa kila somo na za akiba. Nilinunua kalamu za rangi nne, begi la ngozi ya bandia, na viatu viwili vya kung'aa. Tranka lilijaa hata likafungwa kwa kukaliwa. Basi lilipoondoka Tanga kupitia Segera na Chalinze, nilikuwa na hakika kwamba hakuna mwanafunzi aliyejiandaa kunishinda.

Wiki sita baadaye sikujua kitu changu kiko wapi. Mihadhara ya Usuli Fiqhi nilikuwa nimeiandika katika madaftari matatu tofauti, kwa kuwa kila asubuhi nilichukua daftari lililokuwa karibu. Karatasi za mhadhara nilizikunja nikazitia katika begi, nyingine mfukoni mwa kanzu, nyingine chini ya godoro. Flashi niliyohifadhia kazi niliiazimisha, nayo ikapita mikono mitatu isirudi. Tarehe ya kukabidhi insha ya somo lile iliandikwa katika karatasi ya wiki ya kwanza, karatasi ambayo nilikuwa nayo lakini sikuwahi kuisoma mara ya pili.

Katika vyuo vyetu vingi kazi za muhula huwa na alama 40 na mtihani wa mwisho alama 60. Insha ile ilikuwa na alama 15, nami sikuikabidhi. Jaribio nilipata 9 katika 20, kazi ya kikundi 4 katika 5. Nikaingia katika mtihani wa mwisho nikiwa na alama 13, nikapata 24. Jumla 37, na kiwango cha kufaulu ni 40. Nilianguka kwa alama tatu, nikatakiwa kurudi kabla ya mwaka mpya kufanya mtihani wa marudio.

Wakati wa likizo, nilipofungua tranka nyumbani, nilikuta madaftari sita hayajaandikwa hata ukurasa mmoja. Katika la saba, kurasa za nyuma kabisa, nikaikuta insha yangu ya Usuli Fiqhi. Nilikuwa nimeiandika nusu. Nusu ile peke yake, kama ningeikabidhi, huenda ingenipa zile alama tatu.

Mama alipoona nina huzuni aliniuliza, nami nikamwambia nimeanguka somo moja. Alinyamaza kidogo, kisha akasema maneno ambayo hayajaniondoka mpaka leo: "Ni kitu gani tulisahau kukununulia?"

Ndugu msomaji, pale ndipo nilipotakiwa kusema kweli. Badala yake nikajibu: "Vitabu, mama. Vitabu havikutosha." Akaniamini. Akaenda kwa wenzake wa upatu, akaomba zamu yake isogezwe mbele, akanipa nauli, ada ya mtihani na fedha za vitabu. Mtihani nikafaulu. Jiko likakaa na makuti yake mwaka mwingine mzima.

Kilichonisaidia mwaka uliofuata hakikuwa vitabu. Katika chumba chetu aliingia kaka mmoja mtu mzima, mwalimu aliyekuwa amerudi kusoma akiwa na mke na watoto nyumbani. Vifaa vyake vyote vya masomo vilienea katika mfuko mmoja: kauntabuku mbili nene, faili moja kubwa la pete lenye vigawanyo vya masomo, shajara, stepla na bahasha ya plastiki yenye vyeti vyake. Hakunihubiria. Ila kila baada ya Isha, kabla ya kulala, alikaa robo saa kitandani akizitia karatasi za siku ile mahali pake, akatazama shajara, akapanga mfuko wa kesho. Nikamwuliza kwa nini hajisumbui na daftari la kila somo. Akanijibu: "Mdogo wangu, daftari ni chombo tu. Kama huna saa ya kulifungua, kumi ni sawa na hakuna."

Nilianza kumwiga, na yale niliyoyapata kwake ndiyo niliyoyaandika katika orodha ya binti wa mtaa wetu. Nayaeleza hapa kwa sababu najua bahasha za kaki zimo katika nyumba nyingi msimu huu.

Kwanza, igaweni orodha katika mafungu matatu kabla shilingi moja haijatoka. Fungu la kwanza ni vile ambavyo bila ya hivyo mwanafunzi hasajiliwi: vyeti halisi na nakala zake, cheti cha kuzaliwa, picha ndogo, fomu ya afya iliyojazwa na daktari, stakabadhi za malipo ya benki. Hivi viwekwe katika bahasha moja isiyopitisha maji, nayo ikae katika mfuko wa mkononi, isiwekwe katika buti la basi. Fungu la pili ni vya kuishi: shuka, chandarua, ndoo, kufuli imara, mavazi ya stara yanayofuliwa kwa urahisi. Fungu la tatu ni vya kusomea. Hapa ndipo wengi wetu hununua vingi mapema, na hapa ndipo panapofaa kusubiri. Mwalimu wa somo hujulikana wiki ya kwanza, na yeye ndiye atakayesema ni kitabu gani hasa anachokitumia na kama kimo maktabani.

Pili, karatasi ziwe na nyumba moja. Faili la pete lenye vigawanyo linatosha kwa masomo yote ya muhula. Kila karatasi ya mhadhara iandikwe pembeni, juu, jina la somo na tarehe, siku hiyohiyo. Karatasi isiyo na tarehe baada ya mwezi mmoja ni kama barua isiyo na anwani.

Tatu, katika wiki mbili za mwanzo kila mwalimu hutoa muhtasari wa kozi, na humo mna tarehe za insha na majaribio. Mwanafunzi akae siku moja, azihamishe tarehe zote za masomo yote katika shajara moja, au katika karatasi kubwa aibandike ukutani. Asiandike siku ya kukabidhi peke yake; aandike pia siku ya kuanza, walau wiki mbili kabla. Mimi nilikuwa nayo tarehe ya insha yangu tangu wiki ya kwanza, ila niliiacha ndani ya begi.

Nne, muda. Muislamu ana fadhila ambayo hatuitumii ipasavyo: siku yake imekwisha kugawanywa na Mola wake. Swala tano ni vigingi vitano vilivyosimama mahali pamoja kila siku, na mwenye vigingi hufunga kamba. Baada ya Alfajiri, akili ikiwa safi, ni wakati wa kusoma lililo gumu. Baina ya Magharibi na Isha ni kupitia mihadhara ya siku. Baada ya Isha ni robo saa ya kupanga karatasi na mfuko. Ratiba ya namna hii haihitaji saa ya mkononi wala programu ya simu, na ina uzuri mwingine: anayeilinda hulinda swala pamoja na masomo.

Tano, kompyuta. Sisemi isinunuliwe, kazi nyingi siku hizi huchapwa na kutumwa kwa mtandao, na kwa baadhi ya kozi haiepukiki. Nasema isinunuliwe kwa hofu. Vyuo vingi vina chumba cha kompyuta, na miezi ya mwanzo mwanafunzi anaweza kukitumia huku akijua kozi yake inadai nini. Ikinunuliwa iliyokwisha kutumika, apatikane mjuzi wa kuikagua, na jambo la kwanza kutazamwa liwe betri, kwa kuwa umeme hukatika hata siku ya kukabidhi kazi. Na kila kazi ikae mahali pawili, flashi na barua pepe ya mwenyewe, na flashi isiazimishwe.

Imesimuliwa kuhusu Imam Ghazali (Allah amrehemu) kwamba alipokuwa kijana akirudi Tus kutoka Jurjan alikokwenda kusoma, wanyang'anyi waliuteka msafara wao na kuchukua mfuko wenye maandishi ya masomo yake. Akawafuata akiwasihi wamrudishie, kwani hayakuwa na faida kwao. Mkuu wao akamcheka: vipi anadai kuwa na elimu, na sasa mfuko umechukuliwa naye amebaki hana kitu? Wakamrudishia. Lakini neno lile lilimwingia, na inaelezwa kwamba baada ya hapo alitumia miaka mitatu kuyahifadhi yale aliyokuwa ameyaandika. Naikumbuka habari hii kila ninapoona kijana anapiga picha ubao wa mwalimu kwa simu kisha haifungui tena picha ile.

Sita, hesabu. Mwanafunzi awe na daftari dogo la mapato na matumizi, kama lile la mweka hazina wa msikiti. Aandike nauli, chakula, na hasa fedha za kutoa nakala, kwani shilingi mia ya ukurasa haionekani mpaka imekuwa elfu thelathini. Wenye mkopo wakumbuke kwamba fungu la vitabu na viandikwa ni la vitabu na viandikwa. Na kwa kuwa fedha hizo hutoka baada ya usajili na kutia saini, asiende mikono mitupu akizitarajia siku ya kwanza.

Nilipomaliza, orodha ya binti yetu ya vifaa vya kusomea ilikuwa hivi: kauntabuku tatu, shilingi 12,000, rimu moja ya karatasi, 13,000, faili la pete na vigawanyo, 8,000, bahasha mbili za plastiki, 2,000, kalamu za wino, 3,000, shajara, 5,000, stepla na pini zake, 5,000, flashi, 15,000, kufuli, ambalo nililitia humo kwa kuwa litalinda vyote hivyo, 7,000. Jumla 70,000. Kikokotoo tulikifuta, kwa sababu anacho tangu sekondari. Zilizobaki, shilingi 180,000, nilipendekeza zikae kwa mweka hazina mpaka wiki ya tatu ya masomo, wakati binti mwenyewe atakapotuletea orodha yake ya pili baada ya kuwasikia walimu wake. Mzee aliyehofia kumkabidhi kijana fedha aliridhika, na aliyetaka kompyuta akasema tutaijadili kwa orodha hiyo ya pili. Kamati ikapitisha.

Juu ya hayo nilimpa kitu kisichogharimu: rundo la matangazo ya zamani ya msikiti, yaliyochapwa upande mmoja, ayatumie kwa kufanyia mazoezi upande mweupe. Alipoonesha soni kidogo, nilimhadithia habari ya Imam Shafii (Allah amrehemu), aliyelelewa Makka na mama mjane asiyekuwa na fedha ya kumlipa mwalimu wa mwanawe. Imepokewa kwamba aliandika masomo yake juu ya mifupa, na akienda katika ofisi za watawala kuomba karatasi zilizokwisha kutumika ili aandike nyuma yake. Binti akacheka, akalifunga rundo lake kwa uzi. Mama yake ndiye aliyefuta macho kwa upindo wa kanga.

Kwa wazazi nina neno moja. Tunapowapigia simu watoto wetu huwauliza: umekula? Una afya? Ni maswali ya huruma, tusiyaache. Tuongeze la tatu: wiki hii una kazi gani ya kukabidhi, na umeianza? Huhitaji kuwa msomi kuuliza hivyo. Kama mama angeniuliza swali hilo, ningelazimika kuitafuta ile karatasi ndani ya begi. Na kijana akianguka, tusikimbilie kuuliza ni kitu gani kilikosekana kununuliwa. Tumwombe atuoneshe madaftari yake.

Kabla ya kuipeleka makala hii gazetini, nilikwenda kwa mama kumtaka radhi na idhini. Nilimwambia kweli yote: madaftari sita matupu, insha ya nusu, na uongo wa vitabu. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso kwa muda, kisha akasema: "Ningejua ni mpango tu uliokosekana, nisingewasumbua wenzangu wa upatu." Nikamwambia nisamehe. Akasema amenisamehe, na kwamba nikiandika huenda mtoto wa mwenzake akanusurika. Nikamsomea mwanzo wa makala. Nilipofika penye mabati akanisimamisha.

"Yalikuwa tisa," alisema. "Moja nililiuza kabla, nikanunulia lile tranka."

Miaka yote hii nilidhani tranka tuliazima kwa mjomba. Nimeacha hesabu yangu ya mwanzo kama nilivyoiandika, ili msomaji naye aone jinsi mtoto anavyoweza kukosea kuhesabu alichopewa.

Tunamuomba Allah awape watoto wetu elimu yenye manufaa, awape nidhamu ya kuichunga, na awalipe mama zetu kwa kila walichokitoa tukakiona na tusichokiona. Amin.

Wallahu a'lam.